Diski ya Breki ya Baiskeli: Namna ya Kuichagua, Kuifunga na Kuupima Uimara Wake

Diski ya breki ya baiskeli ni bamba la chuma ambalo mara nyingi halifiki unene wa milimita 2, na uzito wake ni gramu mia moja na ushei tu, lakini ndilo linalopokea nishati ya mwendeshaji pamoja na baiskeli yake kila anapopunguza mwendo. Wamiliki wengi hukagua pedi (vipande vinavyoibana diski), mafuta ya breki na waya, na diski wakaiacha hadi itakapoanza kupiga kelele au kutetemesha usukani. Mwongozo huu unaeleza hatua za kuchagua diski inayofaa, kuifunga na kuifuatilia, na unasimama juu ya jambo moja ambalo naliona kuwa msingi wa yote: diski nyingi haziharibiwi na nguvu ya mkono unaobana breki, bali huharibiwa na joto na wembamba, na vitu hivyo viwili hushirikiana kwa namna ambayo jicho peke yake haliwezi kuiona.

Hatua ya 1: Kadiria mzigo utakaobebwa

Kabla ya kununua diski, jumlisha uzito wako, wa baiskeli na wa mizigo unayobeba kwa kawaida. Tuchukue kilo 100, kiasi ambacho hakiko mbali na hali ya mtu mzima mwenye baiskeli na begi. Mtu huyo akibana breki ya mbele kwa nguvu kiasi cha kupunguza mwendo kwa nusu ya mvuto wa dunia, hali iliyo karibu na ile ambayo gurudumu la nyuma huanza kuinuka, tairi na barabara hukinzana kwa takriban nyutoni 500. Kwa gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 34, nguvu hiyo ni sawa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 170 (170 Nm), na diski ndiyo inayopaswa kuizuia. Pedi hazikamati ukingo wa nje kabisa. Katika diski yenye kipenyo cha milimita 160, katikati ya mshiko wake pako takriban milimita 72 kutoka kwenye kitovu cha ekseli, kwa hiyo nguvu inayouvuta ukanda wa kusugua, yaani sehemu ya diski inayobanwa na pedi, hukaribia nyutoni 2,360. Ikiwa kizigeu cha msuguano (uwiano wa nguvu ya kukinzana na nguvu ya kubana) ni 0.4, kila pedi hulazimika kuisukuma diski kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 300.

Nguvu hizo ni kubwa, lakini chuma kizuri kilichofungwa sawasawa huzimudu bila taabu. Joto ndilo mtihani. Baiskeli hiyo ya kilo 100 ikishuka mteremko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, huku breki zikiuzuia mwendo usiongezeke, nishati inayopaswa kutolewa ni takriban wati 540. Mwendo ukiwa kilomita 36 kwa saa, kiasi hicho hukaribia wati 980, ingawa hapo upepo unaompiga mwendeshaji husaidia kubeba sehemu yake. Diski ya chuma yenye uzito wa gramu 120 huhitaji takriban jouli 55 tu ili joto lake lipande kwa digrii moja. Maana yake ni kwamba, kama breki moja ingebeba wati 540 peke yake na pasiwe na hewa ya kuipooza, joto la diski lingepanda kwa karibu digrii 10 kila sekunde. Hewa ipo, na kadiri diski inavyopata moto ndivyo inavyopoteza joto kwa kasi zaidi, hata ikafika mahali ambapo joto linaloingia na linalotoka vinalingana. Swali la kujiuliza unapochagua diski ni kama mahali hapo pa ulinganifu patakuwa chini ya kiwango kinachoweza kuchemsha mafuta ya breki, kuunguza pedi au kuipinda diski yenyewe.

Kusimama mara moja ni jambo jepesi kuliko mteremko mrefu. Kilo 100 zikisimamishwa kutoka kilomita 36 kwa saa hutoa jouli 5,000, ambazo hata zikiingia zote katika diski moja ya gramu 120 huipandisha joto kwa takriban digrii 90 tu. Kwa sababu hiyo mtu anayeendesha mahali tambarare, hata akisimama mara nyingi, anaweza kutumia diski ndogo kwa usalama, ilhali anayeshuka mlima kwa dakika kumi mfululizo anahitaji kufikiri upya.

Hatua ya 2: Chagua kipenyo

Vipenyo vinavyopatikana zaidi ni milimita 140, 160, 180, 200 na 203, na vipo vya 220 na kuzidi kwa baiskeli za mashindano ya kuteremka milima na baadhi ya baiskeli nzito za umeme. Kipenyo kinapoongezeka, mambo mawili hutokea. Kwanza, pedi husimamisha gurudumu kwa nguvu ndogo zaidi: ile 170 Nm ambayo katika diski ya milimita 160 ilihitaji nyutoni 2,360, katika diski ya milimita 180 huhitaji karibu 2,070, na katika ya 203 karibu 1,820. Pili, eneo la chuma linalopigwa na hewa huongezeka pamoja na uzito wa chuma kinachohifadhi joto, hivyo diski hupata moto polepole na kupoa haraka.

Kwa maoni yangu sababu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwani mkono unaweza kuongeza nguvu ya kubana, lakini hakuna anachoweza kufanya mwendeshaji aliye katikati ya mteremko ili chuma chake kiwe kikubwa. Mwenye uzito wa zaidi ya kilo 100 pamoja na baiskeli, au anayekaa mahali penye milima, asiridhike na milimita 160 mbele. Breki ya mbele ipewe diski kubwa kuliko ya nyuma au angalau iliyo sawa nayo, kwa kuwa uzito huhamia mbele wakati wa kusimama na gurudumu la nyuma hupoteza mshiko mapema.

Usiweke diski kubwa kupita kipimo kilichotajwa na mtengenezaji wa fremu au wa foku (uma unaoshika gurudumu la mbele). Mipaka hiyo imewekwa kwa sababu nguvu ya breki hupita kutoka kwenye kalipa (kifaa kinachoshikilia na kubana pedi) kwenda kwenye mguu wa foku au kwenye kona ya nyuma ya fremu, na sehemu hizo zilisanifiwa kwa mzigo maalumu. Diski kubwa huhitaji pia adapta ya kuisogeza kalipa nje kwa nusu ya kipimo ambacho kipenyo cha diski kimeongezeka, ili pedi zikae juu ya ukanda mzima wa kusugua na zisiguse mikono ya diski (vyuma vinavyounganisha ukanda huo na kitovu) wala kuning'inia nje ya ukingo.

Hatua ya 3: Chunguza metali, matundu na mikono

Diski nyingi nzuri hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu cha jamii inayoweza kufanywa ngumu kwa joto, kama kile kinachojulikana kwa namba 410 na 420, chenye kromi ya takriban asilimia 12 hadi 14. Chuma cha aina ya 304, ambacho hutumika sana katika sufuria na masinki, hakishiki kutu pia, lakini hakiwi kigumu kwa kupashwa joto na kupoozwa ghafla, na hutanuka zaidi kinapopata moto. Njia rahisi ya kuvitenganisha ni sumaku: aina ya 410 na 420 huvutwa vizuri, ilhali 304 huvutwa kidogo sana au haivutwi kabisa. Diski isiyoshika sumaku hata kidogo, na ambayo haina maelezo ya mtengenezaji, mimi nisingeifunga kwenye baiskeli.

Ugumu wa chuma ndio unaoamua pia aina ya pedi. Zipo diski za bei nafuu zilizoandikwa kwamba ni za pedi za resini tu, na maandishi hayo yanapaswa kuheshimiwa. Pedi za unga wa metali ulioshindiliwa kwa joto ni kali, na zikisugua chuma laini huila diski haraka kuliko zinavyolika zenyewe.

Zipo pia diski za tabaka tatu, chuma nje na alumini katikati, ambazo Shimano huziuza kwa jina la Ice Technologies. Wazo lake ni zuri: alumini hupitisha joto mara kadhaa kuliko chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo joto la ukanda wa kusugua husambaa upesi na kutoka kwa hewa, na baadhi yake zina mapezi ya alumini yanayoelekea katikati. Hata hivyo alumini huyeyuka karibu digrii 660 na hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo diski ya namna hii haimpi mtu ruhusa ya kukokota breki mteremko mzima. Diski zenye uso wa alumini tupu au wa titani, zinazotafutwa na wapenda wepesi, siziungi mkono kwa matumizi ya kila siku.

Tukija kwenye matundu, wengi hudhani yamewekwa kwa ajili ya kupooza diski. Husaidia kidogo, lakini kazi zake zilizo wazi ni kupunguza uzito, kukwangua uso wa pedi, na kuyapa maji, matope na vumbi la pedi mahali pa kutokea. Kila tundu lina gharama yake. Katika bamba linalovutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la mviringo hufikia mara tatu ya mkazo ulio mbali nalo, na tundu lenye kona kali huwa baya zaidi. Nyufa za diski huanzia hapo karibu kila mara. Unapoishika diski mkononi, tazama kama kingo za matundu zimelainishwa, kama chuma kilichobaki kati ya tundu na ukingo wa diski ni kipana vya kutosha, na kama matundu yamepangwa kwa kupishana ili kila sehemu ya pedi ipite juu ya chuma na juu ya tundu. Matundu yakiwa yamepangwa kwenye mstari mmoja wa duara, pedi huliwa kwa mifereji.

Mikono inayounganisha ukanda wa kusugua na kitovu ina kazi mbili zinazopingana. Inapaswa kuwa migumu ili kubeba 170 Nm bila kujikunja, na wakati huohuo ilegee kiasi ili ukanda unapotanuka kwa joto usizuiwe na kitovu ambacho bado ni baridi. Ukanda wa milimita 160 ukipata moto wa digrii 300 zaidi ya kitovu, kipenyo chake huongezeka kwa takriban nusu milimita. Mikono iliyonyooka kama spoku kutoka katikati ingeupinga utanuko huo moja kwa moja, na bamba lililokosa nafasi ya kutanuka kando hutafuta nafasi kwa kujipinda kuelekea upande, likawa kama sahani. Ndiyo sababu mikono hulazwa kwa mshazari: ukanda unapotanuka, mikono hujipinda kidogo na ukanda huzunguka kiduchu badala ya kupinda. Kwa kuwa mshazari huo umesanifiwa kwa kuzingatia upande ambao nguvu ya breki inatoka, diski huwa na mshale wa mwelekeo wa mzunguko, na kuifunga kinyume ni kuipa mikono mzigo ambao haikuandaliwa kuubeba.

Suluhisho jingine ni diski ya vipande viwili, yenye ukanda wa chuma na kitovu cha alumini vilivyounganishwa kwa ribiti. Ni nyepesi na hustahimili joto vizuri, mradi ribiti zikaguliwe mara kwa mara. Mchezo (kulegea na kucheza) mdogo unaweza kuwa wa makusudi katika baadhi ya miundo, lakini mchezo unaoongezeka mwezi hadi mwezi ni dalili ya kuchakaa.

Hatua ya 4: Funga diski kwenye habu (sehemu ya katikati ya gurudumu)

Mifumo iliyoenea ni miwili. Wa kwanza ni wa bolti sita za M5 (zenye kipenyo cha milimita 5) zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 44, ambazo mara nyingi hufungwa kwa spana ya nyota ya T25. Wa pili ni Center Lock, wenye meno yanayoingia kwenye habu na ringi moja ya kufungia. Habu ya mfumo mmoja haipokei diski ya mwingine bila adapta inayofaa.

Anza kwa kusafisha uso wa habu na uso wa ndani wa diski kwa kitambaa na alkoholi, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyonaswa hapo huiyumbisha diski nzima. Weka diski mshale ukielekea upande ambao gurudumu huzunguka baiskeli ikienda mbele. Ingiza bolti zote sita kwa vidole, izungushe diski kidogo kinyume cha mzunguko wa kwenda mbele hadi matundu yaegemee bolti, kisha kaza kwa kuvuka kutoka bolti moja hadi ile inayotazamana nayo, kwa awamu mbili au tatu. Watengenezaji hutofautiana kuhusu kiwango cha kukaza: wapo wanaotaja 2 hadi 4 Nm na wapo wanaotaja karibu 6 Nm, kwa hiyo fuata kilichoandikwa kwa diski na habu yako, na tumia spana yenye kipimo. Ringi ya Center Lock kwa kawaida hukazwa kwa 40 Nm. Bolti mpya huja na gundi ya hesi, inayozizuia zisilegee; zikishatumika, gundi hiyo ipakwe upya.

Ukazaji huu una sababu. Ile 170 Nm ikifika kwenye bolti zilizo milimita 22 kutoka katikati, hugeuka kuwa takriban nyutoni 1,290 kwa kila bolti. Bolti ikiwa imekazwa sawasawa, sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na msuguano kati ya uso wa diski na uso wa habu. Ikilegea, mzigo huo wote hupiga shina la bolti na ukingo wa tundu kama nyundo kila breki inapobanwa, matundu hugeuka kuwa ya yai, na bolti hukatika kwa uchovu wa metali. Ongeza kwamba diski kubwa haipunguzi nguvu inayofika kwenye bolti, maana nguvu ya kuzungusha inabaki ileile.

Hatua ya 5: Zoeza diski na pedi

Diski mpya haishiki vizuri mpaka tabaka jembamba la nyenzo za pedi lihamie juu yake kwa usawa. Futa diski kwa alkoholi ya isopropili, kisha mahali salama endesha hadi kilomita 20 kwa saa na upunguze kwa breki moja hadi mwendo wa kutembea, bila kusimama kabisa na bila kulifunga gurudumu. Rudia mara 20 kwa kila breki, kisha mara 10 kwa mwendo mkubwa zaidi. Ukisimama kabisa pedi zikiwa za moto, huacha alama yake mahali pamoja pa diski, na alama hiyo huleta mtetemo baadaye.

Hatua ya 6: Pima unene na tafuta nyufa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayoitaka isirukwe. Diski nyingi huanza na unene wa milimita 1.8 na huwa zimeandikwa kipimo cha mwisho, kwa kawaida 1.5. Baadhi ya watengenezaji huanza na milimita 2 au zaidi na kuweka mpaka wa juu zaidi, kwa hiyo soma maandishi yaliyo kwenye diski yako. Milimita 0.3 huonekana kuwa kitu kidogo, na ni kweli kwamba diski iliyofikia mpaka imepoteza sehemu moja tu kati ya sita ya chuma cha ukanda wake. Lakini ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda hubadilika kwa kipeo cha tatu cha unene. Ukigawa 1.5 kwa 1.8 na kuzidisha jibu kwa lenyewe mara tatu, unapata takriban 0.58. Diski hiyo imepoteza zaidi ya asilimia 40 ya ukakamavu wake, na kwa kuwa chuma kimepungua, kila mteremko uleule sasa huipandisha joto haraka zaidi kuliko ilipokuwa mpya. Inakuwa dhaifu na ya moto zaidi kwa wakati mmoja.

Tumia maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo kwa usahihi. Venia ya kawaida (kipimio chenye taya mbili) inaweza kukudanganya, kwa sababu pedi mara nyingi huacha ukingo wa nje bila kuliwa, na taya ndefu za venia hukaa juu ya ukingo huo na kusoma unene wa zamani. Maikromita hupima katikati ya ukanda penyewe. Pima mahali sita kuzunguka diski, ukiepuka matundu, na andika kipimo kidogo kuliko vyote pamoja na tarehe. Vipimo vikitofautiana sana kutoka mahali hadi mahali, huo ndio mtetemo unaousikia kwenye wenzo wa breki.

Kisha isafishe diski na uitazame kwa taa kali iliyoelekezwa kwa pembe, ukifuata kila tundu na kila mzizi wa mkono. Ufa mdogo huonekana kama unywele mweusi usiofutika. Diski yenye ufa haitengenezwi wala haichomelewi. Iondoe siku hiyohiyo. Rangi ya buluu au zambarau kwenye ukanda au mikono inaonyesha kwamba diski imewahi kupata moto mkali, na ingawa rangi peke yake si hukumu ya kuitupa, ikague unyoofu, pima unene, na fikiria kipenyo kikubwa zaidi.

Ili kujua kama diski imepinda, inua gurudumu, lizungushe taratibu, na tazama nafasi kati ya diski na pedi ukiwa umeweka karatasi nyeupe nyuma yake. Ikiyumba, usikimbilie kuinyoosha. Kagua kwanza kama habu ina mchezo, kama bolti zimekaza, na kama kuna uchafu kati ya diski na habu. Ikiwa kosa ni la diski, inyooshe ikiwa baridi kabisa, kwa kifaa safi chenye mfereji, ukisukuma kidogo na kutazama tena, kwa kuwa kusukuma kupita kiasi huku na huku huichosha metali. Vidole visikaribie diski inayozunguka, na usiiguse mara baada ya mteremko.

Unapobadilisha diski iliyofikia kipimo chake cha mwisho, tazama pia pedi za zamani. Zimekwisha kuliwa kwa kufuata mabonde ya diski iliyotoka, na zikiwekwa juu ya uso mpya ulionyooka hugusa kwa vilele vyake tu, joto likakusanyika kwenye mistari michache. Zisawazishe kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo ikiwa bado ni nene, au weka mpya, kisha rudia uzoezaji tangu mwanzo.